Bunduki ya Kwanza ya Tessa

Laurel Fork, West Virginia
Machi 11, 2018

Loyal,

Usipige simu tena Jumapili. Sijakasirika. Kwenye simu inabidi mtu aseme kitu, na mimi sina, halafu nakusikia unapumua huku wanaume wanagombana nyuma yako kwenye foleni. Barua naweza kuiacha mezani, nikaenda kufua, nikarudi nikaikuta.

Naandika kwa sababu ya Tessa. Mwezi wa sita anatimiza miaka kumi na miwili, na unajua maana yake huku kwetu. Wenzake wote darasani wana bunduki zao za kuwinda kindi tayari. Baba ndiye huchagua ya kwanza. Ile aliyoachiwa na babu yake wewe uliiuza. Sikuchomi, nasema tu ilivyo. Na Tessa anajua uliuza ili ununue vidonge vyako vya kulevya. Hajawahi kuniuliza lolote. Akipita jikoni anatazama misumari miwili mitupu ukutani, anachukua maziwa yake, anaenda zake.

Jumamosi nilikwenda duka la bunduki pale mjini. Ukuta mzima. Mwuzaji akaniuliza, "Unataka ya namna gani, mama?" Nikamjibu, "Ya kupiga." Akacheka mpaka akashika kaunta. Nikarudi nyumbani.

Nataka kama ya baba yangu: ya risasi ndogo, zile za ishirini na mbili, inayojikoki yenyewe kila ukipiga, kitako cha mti wa jozi. Nataka nzuri, isiwe takataka ya kutupwa baada ya msimu mmoja. Wewe unazijua. Niambie nitazame nini.

Wakili ameniandikia kwamba bodi ya parole, ile ya kuachia watu mapema kwa masharti, itakusikiliza Mei, na wakikubali utatoka kabla ya Septemba. Nimesoma.

Dreama


Gerezani
Machi 19, 2018

Dreama,

Sawa, simu sipigi.

Nianze na atakachokuambia kaka yako, maana shemeji yangu namjua. Okey atasema mtoto aanze na bunduki ya risasi moja: apige, afungue, atoe ganda, atie nyingine, ndipo atajua kulenga. Atasema za kujikoki ni za watu wa mjini, wa Pittsburgh, wanaokuja kuharibu miti yetu. Mwache aseme mpaka achoke. Ya babu yake ilikuwa ya kujikoki, na mtoto anatudai ya kujikoki. Kulenga atafundishwa kwa njia nyingine.

Sasa sikiliza. Ukifika dukani, macho yasikudanganye, anza na mikono. Hakikisha haina kitu ndani, kisha vuta kile chuma cha kukoki mpaka mwisho na ukiachie. Kwenye bunduki nzuri kinakwenda na kurudi kwa mlio mmoja tu. Kwenye takataka utasikia kama kuna mchanga ndani. Muulize mwuzaji kama baada ya risasi ya mwisho inabaki wazi. Kwa mtoto hilo ni kubwa. Ikibaki wazi anaona mwenyewe kwamba zimekwisha, hana haja ya kubahatisha.

Zipo zenye bomba refu la risasi chini ya mtutu. Zinabeba nyingi, na wazee wanazipenda, lakini ukizimwaga huna hakika kama hakuna moja iliyonasa humo. Chukua yenye magazini, kile kisanduku kidogo cha risasi cha kuchomoa. Unaichomoa, unatazama chemba, pale risasi inapokaa, unaitia magazini mfukoni mwa aproni yako, na unalala.

Triga usijaribu kwenye bunduki tupu, na mwuzaji akifanya hivyo mkataze. Risasi hizi ndogo hugongwa ukingoni mwa kitako chake, kwa hiyo pini ya kugonga isipokuta risasi hugonga mdomo wa chemba, na pakibonyea ndiyo mwanzo wa matatizo. Omba ganda lililokwisha pigwa, litie ndani, kisha ujaribu. Triga nzuri haiburuzi. Inakaa, inakaa, inaachia.

Mpeleke Tessa mwenyewe. Akunje mkono, kitako kikae kwenye kiwiko, na kidole kifike kwenye triga bila kunyoosha. Kikizidi kidogo haidhuru, atakua. Msikate kitako cha jozi hata Okey akija na msumeno.

Nimeona nimejaza kurasa tatu. Burl, mwenzangu wa chumba, ameniuliza kama naandika wosia. Hapa siku hazina ladha yoyote, Dreama, mtu unakula, unafua mashuka ya watu, unalala. Leo nimekumbuka harufu ya mafuta ya bunduki. Sikujua kama bado ninayo.

Loyal


Laurel Fork
Aprili 8, 2018

Loyal,

Shangazi Verna amefariki. Tumemzika Alhamisi. Sikulia. Mchungaji alipokuwa anaomba nilikuwa nawaza kama nimezima jiko. Sijui nimekuwa mtu gani. Hata vitunguu pori vya mwaka huu nimevikaanga na viazi, nyumba nzima ikanuka, Tessa akala sahani mbili, mimi nilikuwa natafuna tu.

Dukani tumekwenda. Okey alijileta, akakaa kwenye kiti karibu na mlango na kikombe chake cha kutemea tumbaku. Mwuzaji alipoteremsha ya kwanza tu, Okey akaanza: "Hiyo ndiyo bunduki ya mtu anayetaka kumtisha kindi afe kwa kelele."

Tessa akamwambia, "Mjomba, wewe mwaka jana ulipiga mara ngapi ukapata mkia?"

"Ule mkia ulikuwa mbali."

"Ulikuwa juu ya banda la kuku."

Mwuzaji akacheka tena. Ni mtu wa kucheka yule. Halafu akainyanyua bunduki akataka kuifyatua tupu ili nisikie triga. Nikamwambia, "Acha. Lete ganda." Akanitazama. Akauliza nimefundishwa na nani. Nikasema mume wangu. Akauliza, "Yuko wapi siku hizi?" Okey akatema kwenye kikombe. Nikasema hayupo, na mwuzaji akaenda kutafuta ganda.

Ya kwanza ni ya plastiki nyeusi, nyepesi, kila mtu anayo. Chuma kinakwaruza kidogo, lakini mwuzaji anasema kitalainika. Ya pili ina bomba chini ya mtutu, nzuri ya kutazama, na Okey aliisifu baada ya kusema hazipendi zote. Ya tatu ina kitako cha jozi na mtutu mnene kidogo, magazini inaingia mpaka ndani haionekani. Inabaki wazi. Triga yake ni kama ulivyosema, inakaa, inakaa, inaachia. Ila ni nzito, na ndiyo ghali kuliko zote. Tessa aliishika, akapitisha kidole kwenye kitako. Alipoirudisha alijifuta mikono kwenye suruali.

Mwuzaji anasema kwa mtoto wa kike ile ya plastiki inatosha. Wewe unasemaje?

Dreama


Gerezani
Aprili 17, 2018

Dreama,

Pole kwa shangazi Verna. Alikuwa ananiita "yule mrefu" miaka yote ile, hata siku ya harusi yetu.

Ya tatu.

Uzito si tatizo. Kindi anapigwa mtu akiwa ameegemea mti, na bunduki nzito inatulia mkononi kuliko nyepesi. Atalalamika siku ya kwanza, msimu wa pili hataisikia begani. Mtutu mnene unapiga palepale hata ukipata joto. Kinachokwaruza dukani kitakwaruza na msituni, huyo mwuzaji anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Na "mtoto wa kike" amwambie mama yake.

Nunueni risasi za aina tatu au nne, pakiti moja moja. Kila bunduki ina chakula inachokipenda, na hakuna anayejua mpaka ijaribiwe. Wekeni karatasi kwenye boksi nyuma ya banda, yadi hamsini, mtutu ulalie mfuko wa mchanga, apige tano tano za kila aina. Zile zinazokaa pamoja kiasi cha kufunikwa na kifuniko cha soda, hizo ndizo zake, na asibadilishe.

Mwaka wa kwanza magazini iwe na risasi moja tu. Ndiyo ile njia nyingine niliyokuambia. Anakuwa na bunduki ya kujikoki na adabu ya risasi moja. Okey atapata la kujivunia, atasema wazo lilikuwa lake.

Mimi sitashika bunduki tena maisha yangu yote, jaji alilisema ukiwa umekaa pale. Kwa hiyo msituni aende na Okey, ile Jumamosi ya watoto kuwinda, kabla msimu haujafunguliwa. Okey ana mdomo lakini ni mwangalifu, hajawahi kuelekeza mtutu mahali pasipostahili.

Bodi ni tarehe tisa Mei.

Loyal


Laurel Fork
Juni 20, 2018

Loyal,

Barua ya wakili imefika, bodi imekubali. Umeshaambiwa, nadhani. Agosti, wameandika. Afisa wa parole atakuja kuikagua nyumba mwezi ujao.

Tumeinunua ya tatu. Nilimpa Tessa asubuhi ya siku yake, kabla ya keki. Hakuruka wala kupiga kelele. Alikaa nayo sakafuni jikoni akaitazama upande mmoja, akaigeuza akaitazama upande wa pili. Akaniuliza, "Baba ndiye aliyeichagua hii?" Nikamwambia ndiye. "Mwenyewe?" Nikamwambia kurasa tatu. Akataka kuzisoma. Nikampa, isipokuwa ukurasa wa mwisho.

Jana wamepiga kwenye karatasi. Aina mbili zilitawanyika hovyo, ya tatu ikawa nzuri, ya nne, zile za pakiti ya kijani, ilikuwa kama ulivyosema. Kifuniko cha soda kinazifunika na nafasi inabaki. Okey akazipima kwa kidole gumba, akasema, "Risasi moja kwenye magazini, ndivyo mimi nilivyokuwa nikisema siku zote."

Nilikuwa nimesimama kwenye baraza na kikapu cha nguo. Niliona nilipaswa kufurahi. Nilijua mahali furaha inapokaa, nikaenda pale, sikukuta mtu. Nikaanika nguo.

Dreama


Gerezani
Juni 28, 2018

Dreama,

Nimeisoma sehemu ya Okey kwa sauti, Burl amecheka mpaka askari akaja kugonga mlango.

Zile za pakiti ya kijani nunueni za kutosha msimu mzima, kiwanda kikibadilisha kitu bunduki hujua. Aisafishe. Hizi za kujikoki huchafuka upesi kwa sababu moshi wote unarudi ndani. Kitambaa, mafuta kidogo, na mswaki wa zamani pale risasi inapoingia.

Na isifichwe chini ya kitanda, huko itashika unyevu. Iwe jikoni, kwenye misumari ya baba yako. Magazini kwako, risasi kabatini kwa kufuli.

Loyal


Laurel Fork
Julai 14, 2018

Loyal,

Afisa wa parole amekuja. Anaitwa Bi. Pruitt, ana magoti mabovu, alipanda ngazi za baraza akiomba radhi kila hatua. Nikampa chai ya barafu. Alikagua chumba, akafungua jokofu, akauliza kama kuna pombe. Akaingia jikoni, akatazama ukutani.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ya binti yangu. Ni ya kindi."

"Mama, ni nzuri sana. Na mimi nilianza na ya namna hiyo." Akakaa, akasugua goti. "Lakini nyumba yenye bunduki hawezi kukaa mtu wa parole. Hata awe haigusi. Hata iwe ya mtoto. Ikikutwa humu, anarudishwa ndani siku hiyohiyo, na mimi ndiye nitakayemrudisha."

Nikamuuliza sasa tufanyeje. Akasema kimoja kati ya viwili kiondoke, bunduki au anwani, yaani wewe ukakae kwingine. Amenipa mpaka katikati ya Agosti nimjibu. Alipofika mlangoni akauliza tena kama nimeelewa, nikasema nimeelewa.

Nimekuandikia ili ujue. Wewe unaonaje?

Dreama


Gerezani
Julai 21, 2018

Dreama,

Bunduki ibaki.

Nilishamnyang'anya moja. Siwezi kuingia kwa mlango wa mbele na ya pili ikatoka kwa mlango wa nyuma. Ipo nyumba ya kupokelea watu kule Charleston, ukitoka unakaa hapo, wanakutafutia kazi ya kufyeka barabara au kuosha vyombo. Nitaomba kitanda. Mwambie Bi. Pruitt anwani ndiyo inayoondoka.

Inatema maganda vizuri? Yakimrudia usoni amweleze Okey, kuna kijiti cha chuma kinarekebishwa.

Loyal


Laurel Fork
Julai 27, 2018

Loyal,

Sawa. Nitamwambia.

Yanatoka vizuri, upande wa kulia.

Dreama


Laurel Fork
Agosti 4

Baba,

Mama hajui ninaandika, stempu nimeiomba kwa mjomba Okey.

Nilimsikia Mama akiongea na Bi. Pruitt kwenye simu. Alisema hutarudi hapa, utakaa Charleston, kwa sababu ya bunduki yangu. Nilikaa kwenye ngazi nikafikiri, na haikunichukua muda. Kwa mjomba Okey si mbali, ni pale chini baada ya daraja, na yeye ana sanduku la chuma la bunduki lenye namba za siri. Nikachomoa magazini, nikatazama chemba, nikaifunga kwenye blanketi, nikateremka nayo.

Mjomba akaniuliza, "Umetumwa na mama yako?" Nikasema hapana, nimejituma. Akaniuliza tena kama nina hakika. Nikamwambia mjomba, ni sanduku, halili watu. Hakucheka. Aliiweka ndani, katikati ya zake mbili, akafunga. Amesema nikitaka kupiga niende wakati wowote, na Jumamosi ya watoto tutatokea hukohuko.

Kwa hiyo sasa nyumba haina bunduki na unaweza kuja. Sielewi kwa nini nyinyi wakubwa hamkuliona hili. Ni rahisi mno.

Nimekuwa naipiga vizuri sana, Baba. Asante kwa kuichagua. Zamani nilikuwa nimekukasirikia lakini sasa si sana.

Tessa


Laurel Fork
Agosti 6, 2018

Loyal,

Tessa ameniambia amekuandikia, kwa hiyo unajua iko wapi.

Jana jioni aliniketisha mezani akanieleza kana kwamba mimi ndiye mtoto. Mjomba, sanduku, daraja. "Umeona, Mama? Si ngumu." Nikasema nimeona. Akaenda kulala anaimba. Mimi nikaosha sahani moja kwa muda mrefu.

Loyal, watu wote wa bonde hili wangefikiria nyumba ya Okey kabla Bi. Pruitt hajamaliza sentensi yake. Bi. Pruitt mwenyewe alisimama mlangoni akinisubiri niseme nina kaka. Sikusema. Wewe nawe hukuliandika hilo, nikadhani gereza limekufanya mzito wa kufikiri, nikashukuru. Ndiyo, nilishukuru.

Ile sheria niliijua tangu Februari. Mke wa Dorsey Skaggs aliniambia kanisani, mume wake alipotoka ilibidi wahamishe hata bunduki ya maonyesho ya babu yao. Ndipo nikakaa kukuandikia ile barua ya Machi. Ni kweli Tessa alistahili bunduki. Lakini niliitaka iwe humu ndani, ukutani, na iwe yake, ili asiwepo mtu wa kuniambia niitoe.

Sitaki urudi.

Sikuchukii. Ningekuchukia ningekuwa na kitu cha kushika. Tangu uondoke sina furaha yoyote, lakini nalala. Nikiacha pete kwenye sinki, asubuhi naikuta. Nikikufikiria unaingia pale mlangoni sisikii kitu moyoni, lakini naona mikono yangu inaanza kukusanya vitu vya kuficha. Juzi nilijikuta nimeshika saa ya baba yangu, natafuta pa kuitia, na wewe uko mbali na milango kumi ya chuma. Labda umebadilika. Barua zako ni za mtu aliyebadilika, nazijua, nimezisoma zaidi ya mara moja. Mikono yangu haijui kusoma.

Sasa mtoto amekiondoa kisingizio changu, ameibeba mwenyewe kwenye blanketi. Bi. Pruitt anakuja tarehe kumi na tano kwa jibu langu la mwisho. Ukiniambia unataka kuja nyumbani, sina la kumwambia tena, itabidi nikubali. Nitakubali, Loyal. Nitakupikia. Lakini nimeona nikwambie kwanza.

Dreama


Gerezani
Agosti 10, 2018

Dreama,

Nakujibu upesi ili ikufikie kabla ya tarehe kumi na tano. Leo asubuhi nimemwambia mshauri wa hapa, na ameshaandika Charleston. Kitanda kipo. Bi. Pruitt ataambiwa na wao, huna haja ya kumweleza kitu.

Tessa nimemwandikia barua yake peke yake, iko ndani ya hii, msomee au asome mwenyewe. Nimemwambia amefanya jambo la akili kuliko sisi wote, na kwamba ni mimi niliyeamua kukaa Charleston, kwa sababu nahitaji kukaa karibu na watu wanaoniangalia nisirudie vidonge. Hilo ni kweli pia, kwa hiyo hutakuwa unadanganya ukilikubali. Atanikasirikia upya. Anikasirikie mimi. Wewe unaishi naye.

Mwambie akaichukue kwa Okey. Bunduki ya mtu ikae kwake.

Na wewe usikae na hiyo barua yako kama kosa. Hapa wiki ya kwanza kabisa wanatukalisha kwenye madawati na kutusomea masharti ya parole, na hilo la bunduki ndani ya nyumba wanalisoma mara mbili. Nilikuwa nalijua kabla yako. Barua yako ya Machi ilipofika niliisoma nikaelewa unachoniomba. Burl aliniuliza kuna habari gani nyumbani, nikamwambia mke wangu hataki nirudi. Nilisubiri nisikie uchungu. Ikaja kengele ya chakula, nikaenda nikala.

Halafu usiku nikaitoa tena barua yako nikaisoma. Ile ya plastiki, au kuukuu ya risasi moja kutoka ghalani kwa Okey, yoyote ile ingetosha kunizuia mlangoni. Wewe ulitaka kujua ipi ni nzuri kwa Tessa. Ndiyo maana nilichukua kalamu, nikakuchagulia nzuri.

Loyal